Maharagi Yenye Nilipanda Katikati ya Njia

Bandugu na badada ba groupe yetu, leo nimekufa na haya, inabaki tu kunizika.

Niko naandika hii nikiwa nalala ku kitanda. Muguu ya kuume iko juu ya mito mbili, imevimba sawa papayi. Kila dakika muntu anapita nyuma ya dirisha yangu, anainamisha kichwa, anauliza: "Mwalimu, maharagi imeamuka?" Kisha anaenda akicheka peke yake. Tangu nizaliwe sijawahi kuona siku ya hivi! Acha niwaelezee mwenyewe mbele ya bengine kuwaelezea. Mambo ya hapa Burungu ikifika Pinga itakuwa nilivunjika miguu yote mbili, na ikifika Walikale itakuwa niko ku kaburi.

Munajua parcelle yangu. Iko ku mutelemuko. Nyumba iko juu, fasi bibi yangu Mama Neema anapikiaka iko chini, na katikati, katikati kabisa, kunapita njia. Haiko njia ya magari, hapana. Ni njia ya miguu. Inatoka ku quartier ya juu, inakata kiwanja yangu, inashuka ku kisima, inaenda kutokea ku centre de santé, fasi banatibia bagonjwa. Nilinunua parcelle na njia ikiwa ndani yake, nikasema sawa, ni batu, bapite.

Lakini batu bapite, basiongee! Hapa kwangu mambo yote inajulikana. Ukitoka asubuhi kwenda choo na bidon yako ya maji mu mukono, unasalimia batu tano mbele ya kufika. "Mwalimu, umeamukaje? Tumbo iko sawa?" Bibi yangu akifunika sufuria, muntu anauliza: "Leo tena ni maharagi?" Ndiyo, ni maharagi. Mulitaka iwe nini?

Basi. Mama Neema anapikiaka inje, chini ya bâche, turubai yenye tulifunga ku miti ine. Na mvua ya Masisi munaijua. Juma iliyopita maharagi ilikuwa motoni tangu saa sita, ilibaki kidogo tu iive, mvua ikaanguka, bâche ikainama upande moja, maji yote ikaingia mu moto. Mama Neema aliingia mu nyumba amelowa kuanzia kichwa mpaka vidole, akaweka sufuria katikati ya salon, juu ya kitambaa ya meza yenye tunatoaka siku ya Noeli. Akasema pole pole:

"Baba Neema. Jikoni. Ao ninaenda kupikia kwa mama yangu, na weye utakula kule unajua."

Mama yake anakaa Kitchanga. Nilielewa.

Nikamwambia jikoni itajengwa, ila fasi njo shida. Fasi ya sawasawa iko pale njia inapita. Tukifunga njia, tunapata jikoni ya kweli, na mulango, na dirisha ya moshi. Akaniuliza: "Na kule kwenye paillote yako?" Nikajibu paillote iko mambo ingine. (Munajua paillote yangu, ile kibanda ya majani kando ya nyumba. Niliijenga mwenyewe mwaka jana, na viti ya bambu, juu ya kupokea bageni ba maana. Mpaka leo bageni ba maana hawajafika, naketimo peke yangu siku ya Yenga nikitoka kanisani.) Mama Neema akachukua sufuria yake, akarudi inje.

Kesho yake nikaenda ku bureau ya cité. Kule kuna Papa Secrétaire, mzee moja ya miwani yenye imefungwa na kamba nyuma ya kichwa. Nikamwambia nataka kufunga njia. Akacheka kidogo.

"Mwalimu, kufunga njia ya batu haiko kufunga mulango ya kuku. Andika demande, barua ya kuomba. Useme juu ya nini njia haina kazi tena."

Kuandika? Mimi? Mwalimu wa darasa ya tano? Nilijaza kurasa mbili ya Kifaransa ya juu. Niliandika kama ile njia ilikufa. Kama tangu njia kubwa itengenezwe, hakuna nafsi hai yenye inapita tena kwangu. Niliandika na "par conséquent" mara ine. (Nilisoma tena ile karatasi usiku mbele ya kulala, nikajipenda.)

Papa Secrétaire akaisoma na kidole, mustari kwa mustari. Kisha akasema kuna maulizo tatu, na majibu anaandika yeye mwenyewe, na mimi natia signature.

"Batu banapitaka hapo kwenda maji?"

"Hapana, Papa."

"Batoto ba masomo?"

"Hapana, Papa."

Akatoa miwani. Akanitazama na macho tupu.

"Na kipoyi?"

Kwa benye bamekulia mu muji na bamesahau: kipoyi ni ile machela ya bambu, banabebea mugonjwa ku mabega fasi gari na pikipiki haifike. Kila quartier iko na équipe yake, na chef wake mwenye filimbi. Filimbi ikilia, unaacha jembe, unaacha chakula, unakimbia. Usipoenda, unatoa bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi, na unaimbiwa jina mu mwezi muzima. Na kuna sheria yenye ni ya zamani kupita bureau yote: njia yenye ilishabeba kipoyi haifungwake. Hata chef hawezi. Hata muntu akinunua mulima muzima.

"Kipoyi?" nikasema. "Kamwe, Papa. Hata siku moja."

Akaandika: Kamwe. Nikatia signature. Na ile ya kwangu ya kuzunguka, yenye mkia mbili! Akapiga cachet, muhuri ya bureau, paf! "Siku ya ine, saa ine ya asubuhi, commission itashuka kuangalia na macho yake."

Siku ya ine njo leo.

Niliamuka mapema, nikaenda kwa jirani yangu Papa Bahati. Papa Bahati njo chef wa kipoyi ya hapa kwetu. Ni muntu mukubwa ya mabega mapana, na sauti ndogo sawa ya mutoto wa kikundi cha kuimba.

"Papa Bahati, nakuomba kitu moja. Leo asubuhi tu, uambie batu bapite njia kubwa."

"Njia kubwa? Na hii matope?"

"Ni leo tu. Niko na bageni."

"Bageni gani hawataki kuona batu?"

Nikamwambia ni bageni ba kazi. Akakuna kichwa, akakubali, akazunguka nyumba kwa nyumba kunisaidia. Ni jirani muzuri sana, na mimi nilikuwa nikimuficha. Hiyo nayo itakuja kuniuma, mungoje kidogo.

Sasa, batu nimeondoa. Lakini njia yenyewe? Nilisimama mu kiwanja nikaiangalia. Yesu wangu! Njia ilikuwa inang'aa. Miguu ya miaka yote imeipiga mpaka imekuwa ngumu sawa simenti. Hakuna hata jani moja ya majani juu yake. Muntu yeyote mwenye macho akiona ile njia, anajua leo asubuhi batu makumi bamepita.

Njo hapo akili yangu (hii hii yenye nafundishaka nayo batoto ya batu) ikaniletea mupango. Njia yenye iko na maharagi haiko njia tena. Ni shamba!

Nikachukua jembe. Nikaingia mu shamba ya bibi yangu, nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshuka ku kisima. Nikang'oa miti makumi tatu ya maharagi. Ilikuwa na maua. Nikavunja ile udongo ngumu ya njia, nikaipanda humo mustari tatu, sawasawa kabisa, kamba nilipima. Nikarudi nyuma kuangalia, nikaona ni vizuri sana. Nikaona ingefaa na mugomba moja katikati, juu mugomba hauoti siku moja, commission ikiona mugomba itaamini. Nikachimba shimo mpaka ku goti. Nilikuwa bado sijaenda kuchukua mugomba, Mama Neema akapanda kutoka kisima na bidon ku mugongo.

Akasimama.

"Baba Neema. Ile maharagi iko inafanya nini mu njia?"

"Iko inaota."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwaka jana."

Aliangalia maharagi. Aliangalia shamba yake. Aliniangalia mimi na jembe. Akaweka bidon chini, akaingia mu nyumba, akafunga mulango bila kupiga kelele. Bandugu, mwenye ameoa anajua, bibi akipiga kelele uko salama.

Sikupata wakati ya kumufuata. Saa tatu na nusu tu nikasikia sauti ku mulango ya parcelle: "Hodi kwa Mwalimu!" Commission! Nusu saa mbele ya wakati! Bureau gani ya hii nchi inafika mbele ya saa? Nilishituka mpaka nikatupa jembe mu migomba. Nikakamata majani kavu, nikafunika lile shimo mbio mbio, nikapangusa mikono ku suruali, nikaenda kupokea bageni nikicheka meno yote.

Balikuwa batatu. Papa Secrétaire na farde yake ya makaratasi chini ya kwapa. Chef de quartier, muntu ya kofia, mwenye anaitikia kila neno na "mm". Na géomètre, mupimaji wa viwanja. Géomètre nilifikiri atakuwa kijana fulani ya suruali ya kubana, mwenye hajue hata mugomba unazaa mara ngapi. Kumbe ni mama! Mama Géomètre, botte ya mpira mpaka ku magoti, ruban ya kupima mu mukono. Nikamwambia karibu kwa Kifaransa. Akaniitikia kwa Kiswahili ya hapa hapa.

"Asante, Mwalimu. Hii hewa ya kwetu! Mimi nilikulia mu shamba ya maharagi, upande ule wa mulima."

Ya maharagi, bandugu!

Tukashuka. Nikabaonyesha. Nikafungua mukono sawa muntu wa kuonyesha kanisa mupya. "Voilà! Munaona wenyewe. Njia ilikuwa hapa zamani. Sasa ni shamba tu."

Mama Géomètre akachuchumaa. Akashika maharagi moja ku kichwa, akaiinua. Akaiachilia. Ikaanguka. Akashika ya pili. Ikaanguka. Nikaangalia mistari yangu yote tatu. Mama yangu! Yote makumi tatu ilikuwa imelala chini, shingo imevunjika, maua inaangalia udongo. Mimi, mwenye kila mwaka naandika ku tableau kama maharagi haihamishwake! Inapandwa mbegu, inabaki fasi yake mpaka inavunwa! Mutoto wangu wa darasa ya tano anajua hiyo!

"Mwalimu," Mama Géomètre akasema, "hii maharagi iko na usingizi?"

"Ni jua, Mama. Hii jua ya siku hizi iko kali."

Sote tatu tukaangalia juu. (Sote ine. Na chef alitoa kofia.) Ukungu ilikuwa imefunika mulima tangu asubuhi, hata kuku ya kwangu hukuiona mita kumi. Mvua ndogo ilikuwa inaanza.

"Mm," chef akasema.

Papa Secrétaire akafungua farde, akaandika kitu. Sikujua ni nini. Nikaona niwatoe haraka pale ku maharagi, niwaonyeshe mupaka. Nikaanza kutembea kinyumenyume mbele yao, mikono juu, nikieleza na Kifaransa yangu yote: "Donc, comme vous le constatez, par conséquent..."

Sikumaliza "par conséquent". Ardhi ilipotea.

Nilianguka mu shimo yangu mwenyewe! Ile ya mugomba! Muguu ya kuume iliingia yote, mwili ikabaki inje, nikasikia tak! ku kifundo. Maumivu ilipanda mpaka ku meno. Nililia, bandugu. Sitaficha. Nililia "Mamaaa!" na sauti yenye batoto yangu ya masomo hawajawahi kuisikia, na natumaini hawataisikia.

Bakanitoa. Nikajaribu kukanyaga, haiwezekane. Chef akasema neno yake ya kwanza ya leo: "Kipoyi." Mbele niseme hapana, Mama Neema alikuwa ameshatoka mu nyumba mbio, ameshaita juu ya kilima: "Papa Bahati weee! Kipoyi! Ni Baba Neema!"

Filimbi ikalia.

Mulidhani balipita wapi? Bale batu yenye niliwaomba bapite njia kubwa? Dakika tano haikufika, nikasikia miguu. Banaume munane na bambu ku bega, bakashuka ile njia mbio, pa pa pa pa, bakakanyaga mustari ya kwanza ya maharagi, bakakanyaga ya pili, bakakanyaga ya tatu, mpaka mbele yangu. Hakuna hata moja mwenye alitazama chini. Miguu yao inajua ile njia kupita mimi. Mama Géomètre alisogea kando kuwaachia nafasi, na ruban yake mu mukono.

Bakanilaza mu kipoyi, bakanifunika na kikwembe ya bibi yangu. Papa Bahati akashika bambu ya mbele. Akaniinamia. Na ile sauti yake ndogo:

"Mwalimu, tupite njia kubwa, haiko vile? Njo ulituomba asubuhi."

Hakuwa ananicheka. Ni hiyo yenye iliniua! Alikuwa ananiuliza kwa heshima, juu nilimwomba.

Sasa mufikiri. Njia kubwa inazunguka mulima muzima. Na hii matope ni saa nzima na nusu mpaka ku centre de santé. Njia ya kwangu ni dakika kumi na tano. Niliangalia Papa Secrétaire. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, inangoja. Niliangalia Mama Neema, mwenye anangoja jikoni. Nikakaza meno.

"Njia kubwa," nikasema.

Bakaniinua. Bakapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ku ya ine kipoyi ikarukaruka, muguu ikagonga bambu.

"Aaai! Papa Bahati! Ngoja! Mupitishe hapa!"

"Hapa wapi?"

"Hapa! Ku njia!"

"Njia gani, Mwalimu?"

"Njia! Njia yetu! Hii!"

"Mm," chef akasema.

Bakageuka. Bakashuka. Commission yote nyuma yetu, mustari moja, Mama Neema wa mwisho na sandale yangu ya pili mu mukono. Na mimi, ningefunga kinywa basi! Maumivu ilinilegeza ulimi. Juu ya kipoyi nikawa nabaelekeza sawa dereva: mukate kushoto, kuna muzizi ya avoka, mushuke polepole, kuna udongo ya utelezi, muinue nyuma, muinue nyuma! Ile njia yenye niliandika kama ilikufa, nilikuwa naisoma kwa moyo, jiwe kwa jiwe.

"Muangalie lile jiwe nyeupe!" nikapiga kelele. "Njo hapo tuliteleza siku ya Mama Neema!"

Kipoyi ikasimama.

Nikauma ulimi. Ilikuwa imechelewa.

"Siku gani, Mwalimu?" Mama Géomètre akauliza nyuma.

"Siku ya... siku ya kuzaa Neema."

"Alipita hapa?"

"Alipita hapa."

"Kwa miguu?"

Nikaangalia mawingu. Papa Bahati njo alijibu, hata hakugeuka, bega yake chini ya bambu:

"Kwa kipoyi, Mama. Mimi nilikuwa hapa hapa mbele. Na Mwalimu alikuwa ku bambu ya nyuma, analia kupita mwenye kuzaa. Infirmier, yule muuguzi wa centre, alituambia tungechelewa nusu saa ingine, tungebeba maiti mbili kurudi."

Hakuna mwenye alicheka. Neema iko na miaka tisa. Asubuhi hii alienda masomo na daftari yake mu sakoshi ya plastiki, akaniaga, "Papa, bye." Na mimi papa yake nilienda ku bureau, nikaulizwa kipoyi, nikasema Kamwe. Hata siku moja. Nikatia na mkia mbili ya signature! Ile ya kipoyi sikudanganya kwa kupenda, hiyo njo inanitisha. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa naona tu batu benye banauliza juu ya sufuria. Nilitaka kugeuka nimuone Mama Neema, shingo ikakataa.

Nikasikia tu sauti yake nyuma: "Mumubebe, huyu mutoto wa batu analowa."

Ku centre de santé infirmier akabonyeza muguu, nikalia tena (bale batu munane bakisikiliza ku dirisha), akasema haikuvunjika, ni mushipa. Akafunga bande. Papa Secrétaire akaniletea PV, karatasi ya yale commission ilikuta, pale pale ku kitanda, akaisoma kwa sauti, juu sheria inataka isomwe kwa sauti:

"Commission imekuta mu njia maharagi makumi tatu, ya leo. Imekuta shimo moja, ya leo. Imeona mwenye kuomba akibebwa na kipoyi mu njia hiyo hiyo, kwa amri yake mwenyewe, akionyesha njia mwenyewe. Mwenye kuomba ameshuhudia bila kulazimishwa kama bibi yake naye alibebwa humo. Njia inabaki njia."

"Uko na kitu ya kuongeza, Mwalimu?"

"Hapana, Papa."

Nikatia signature. Bila mkia.

Nilibaki na uchungu moja tu, jikoni. Nikageuka kwa Mama Neema, nikamwambia pole pole: "Nisamehe. Jikoni imekufa." Mbele ya kujibu, Mama Géomètre akafunga ruban yake, akaniuliza kama vile anauliza saa:

"Mwalimu, na ile nyumba ndogo ya majani kando ya nyumba yako, yenye viti ya bambu, ni ya nini? Nilipima wakati ulikuwa unatolewa mu shimo. Iko na mulango, iko na upepo ya kutoa moshi, iko mbali na njia. Jikoni gani ingine munatafuta?"

Nikavuta kikwembe mpaka ku macho.

"Ni yenye nilimwambia tangu siku ya kwanza," Mama Neema akasema. "Akanijibu iko mambo ingine."

"Mm!" chef akasema. Ile ilikuwa "mm" ya nguvu kabisa.

Kwa hiyo, bandugu, kurasa mbili, commission nzima, maharagi makumi tatu, shimo na muguu, yote hiyo juu nisiguse viti yenye hakuna muntu anaketiako! Nimebebwa kurudi nyumbani, ku njia ile ile. Papa Bahati na équipe yake bamelaza gogo juu ya lile shimo, bamelisawazisha na mawe, na sasa banasema fasi ile imekuwa muzuri kupita zamani. Nilimwomba Papa Bahati musamaha mbele ya bote. Akaniambia haina shida, ila nikipona nitakuwa ku bambu ya nyuma mwaka muzima, na nisilie.

Niko naandika, na mvua iko inanyesha ya kweli. Moshi inatoka mu paillote yangu. Viti ya bambu, mbili imeshakuwa kuni, nilisikia ikipasuka, nikameza mate. Mama Neema ameniletea sahani. Majani ya maharagi, ile ile makumi tatu, na bugali.

"Kula shamba yako," akaniambia. Kisha akaketi ku ukingo ya kitanda, akaweka mukono ku muguu yenye bande, polepole, akacheka mpaka machozi ikatoka. Ni mara ya kwanza mwezi huu namuona akipika mu mvua na anacheka.

Basi nawaomba nyote, kwa heshima ya masomo tulisoma pamoja, musinicheke. Na mwenye atashindwa kujizuia, apite njia kubwa.